Orodha ya Zuhura na Majina ya Wakwe Zetu

Nianze na watu, ili baadaye msije mkaniambia nimewachanganya. Nilikuwepo mimi, Apolonia, mnayenijua. Alikuwepo Zuhura, binti wa Tanga, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam; hatuna undugu, ila alilala kwangu siku kumi na moja na kula wali wangu, na kwa hesabu zangu hiyo inatosha. Alikuwepo Masanja, dereva wa lori, Msukuma, kwa hiyo mtani wangu, na mdomo wake hauna breki, sawa na lori lake. Kuanzia Mpanda alikuwepo Mama Josefina wa Katumba, muuza maharage, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, pamoja na mbuzi wake aliyeitwa Meneja. Na Karema walikuwepo dada yangu Skolastika, tumbo moja baba mmoja, na mume wake Desideri, Mbende, shemeji yangu. Wengine waliopanda na kushuka njiani majina yao ninayo, lakini wakiingia wote humu hatufiki.

Nyie wa jumuiya mmeniuliza ilikuwaje nikaenda Karema nikarudi nimekonda na bado nacheka peke yangu. Mama Sesilia ameniuliza mara tatu kanisani, tena wakati wa mahubiri. Basi someni. Mwandiko ni wangu, na shule yangu ni darasa la pili na kisomo cha watu wazima, mtanivumilia.

Majimoto, kabla gari halijaja

Zuhura alikuja na redio ya kunasia sauti, betri za kutosha kijiji kizima, na karatasi yenye maneno mia mbili ya Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kuuliza, hili kwa Kipimbwe mnasemaje? Kichwa. Jicho. Mbwa. Kula. Kufa.

Nikamwambia, "Mwanangu, umetoka Dar es Salaam kuja kuniuliza mbwa anaitwaje?"

"Ndiyo, Bibi. Hayo ni maneno ambayo kila lugha duniani inayo. Ukiyaweka pembeni ya maneno ya jirani, unajua lugha zipi ni ndugu."

Nikapenda. Kumbe lugha nazo zina ukoo. Lakini mimi nikiulizwa mbwa siwezi kutaja mbwa nikanyamaza kama karani. Nilimweleza habari za mbwa wetu Sultani, aliyezaliwa kwa Mzee Protasi, akaumwa na nyoka, akapona, akaja kuuawa na chui siku ya harusi ya Kristina. Upande mmoja wa kanda ukaisha tukiwa bado kwenye mbwa. Ndipo Zuhura akasema kwa adabu sana, "Bibi, naomba usinieleze. Nitajie neno tu. Maelezo yanakula kanda."

Sawa.

Tukaendelea mpaka tukafika kwenye neno moja. Neno lenyewe siliandiki hapa. Ni kitu cha kawaida kabisa, mtoto wa miaka miwili anakijua. Ila kwa Kipimbwe ndilo jina la baba mkwe wangu. Nyie mlioolewa zamani mmeshanielewa. Kwa ajili ya hawa wa juzi, niseme kwamba pale nilipoolewa mke hataji jina la baba mkwe wala la mama mkwe. Si jina peke yake, bali na kitu chenye jina hilo, na maneno mengine yanayoanza kwa kufanana nalo. Nilipoolewa, Veronika, mke wa shemeji yangu mkubwa, alinikalisha jikoni wiki nzima akinifundisha maneno ya badala ambayo wanawake wa boma lile walikuwa wameyatengeneza miaka na miaka. Baba mkwe amekufa, mume wangu Leonadi amekufa, Veronika amekufa, na mdomo wangu bado haujawahi kukosea. Kwa Kiswahili nakitaja kitu hicho mchana kutwa. Kiswahili sijaolewa nacho.

Nikafungua mdomo nimweleze Zuhura. Akanyanyua kidole. "Neno tu, Bibi."

Nikasema moyoni, ahaa. Nimekatazwa kueleza, sielezi. Nikamtajia neno la Veronika. Akaandika, akaomba nirudie mara tatu, nikarudia kwa sauti nzuri kabisa. Maneno tisa yalipita hivyo, na kila moja likinipa raha kidogo.

Halafu akasema anataka orodha hiyo hiyo kwa Mpimbwe aliyeishi mbali miaka mingi, aone kama watu wakitengana maneno nayo yanatengana. Nikamwambia ninaye dada yangu Karema, lakini Skolastika hafungulii mlango mgeni asiyeletwa na mtu. Tangu tumzike mama yetu nilikuwa sijamwona. Nikafunga mchele kilo kumi na khanga mbili nikasema, twende.

Majimoto hadi Kibaoni

Kipande hiki ni kifupi, na kilitumalizia siku nzima kwa sababu Masanja alisimama kila palipokuwa na gunia. Tulikaa juu ya mpunga. Aliponiona napanda akapiga honi.

"Mchumba! Leo umeniletea na mke mdogo?"

"Huyu ni mwalimu wa lugha," nikamwambia. "Wewe hata moja hujaimaliza."

"Lugha gani anatafuta huku? Kipimbwe? Kile si cha kuitia kuku?"

Zuhura hakujua utani wetu na Wasukuma, akadhani ugomvi umeanza. Akasimama juu ya magunia akamweleza Masanja kwamba hakuna lugha mbovu, kila lugha ina taratibu zake kamili, na anayeisema anazijua hata kama hajui kuzitaja. Mtoto hafundishwi taratibu hizo, anaziokota mwenyewe kwa kusikiliza. Masanja akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. "Sawa, mwalimu. Basi ni cha kuitia kuku kwa utaratibu." Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na Zuhura akaniangalia kama nimemsaliti.

Pale Kibaoni tulisubiri mzigo kutwa. Tulikula ugali na mlenda kwa Mama Tasiana, na watu wakaanza kukusanyika kumsikiliza Zuhura akiongea. Kiswahili chake cha Tanga kinateleza kama mafuta, wakaamini ni mtangazaji wa redio. Mzee mmoja, Benedikto mwenye jicho moja, akamletea kigoda amkalishe, akamwomba atangaze ng'ombe wake aliyepotea, dume jekundu, pembe moja imepinda. Zuhura akaapa si mtangazaji. Mzee akasema, "Basi tangaza hivyo hivyo." Ikabidi asimame atangaze. Jioni yule ng'ombe akarudi mwenyewe, na mpaka leo Benedikto anasema chuo kikuu kinasaidia.

Kibaoni hadi Sitalike

Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka. Ndani ya pori la hifadhi lori lilizama matopeni mpaka kwenye mhimili, na mbung'o wakatushukia kama tumewaalika. Wanaume wakakata matawi ya kutandika chini ya matairi. Mimi na Zuhura tukakaa juu ya gogo tukijipepea kwa karatasi za maneno mia mbili, tukatafuna michembe niliyoibeba, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Hapo ndipo aliponiambia ya kwake. Hii ilikuwa orodha ya pili. Ya kwanza aliifanya wilaya nyingine, kwa mzee mmoja aliyekuwa akipewa soda kwa kila ukurasa, na mzee akatunga maneno kadiri soda zilivyokuja. Mwalimu wake akagundua. Alimpa nafasi moja tu iliyobaki. Akipeleka tena maneno ya uongo anaondolewa chuoni, anarudi Tanga kukaa nyuma ya meza ya duka la mjomba wake, kupima mafuta ya taa na kusikia kila siku, si ulisoma wewe?

"Ndiyo maana nilifurahi kukupata, Bibi," akasema. "Wewe huna sababu ya kunidanganya."

Nikarudisha mchembe mfukoni. Nikahesabu kimoyomoyo, maneno tisa. Nikasema, "Zuhura, mjukuu wangu, kuna kitu..." na kiboko akapiga kelele mtoni, karibu kabisa, na Masanja akapiga kelele kumzidi kiboko, watu wote kwenye gari! Tukapanda kama panya. Lori likatoka. Juu ya mpunga nilikuwa na nafasi ya kusema maili zote mpaka Sitalike, na sikusema. Sitasingizia kiboko. Nilikuwa naona haya, na kidogo, Mungu anisamehe, nilikuwa bado naona raha.

Mpanda

Tulifika Mpanda mjini tukiwa rangi ya udongo. Gesti ilikuwa na kitanda kimoja na shuka lenye tundu la saizi ya kichwa. Asubuhi tukaenda kwenye mgahawa jirani na soko, chai na chapati, na Zuhura akawa kama mtu aliyeingia kwenye ghala la asali. Meza hii Kifipa, meza ile Kikonongo, mlangoni Kinyamwezi, na anayeosha vikombe anaimba Kirundi. Hakula. Aliandika tu.

Mama Josefina alikuwa meza yetu, mbuzi Meneja amefungwa kwenye mguu wa benchi. Alikuwa anakwenda Karema kubadilisha maharage kwa dagaa. Zuhura akamuuliza, mtu kwenu mnasemaje? Akasema umuntu. Masanja akaulizwa, akasema munhu. Mimi nikasema la kwetu, nalo likawa mle mle.

"Mnaona?" Zuhura akapiga meza. "Ni neno moja, limevaa nguo tofauti. Mlikuwa ndugu kabla hamjajua."

"Mimi ndugu yake huyu?" Masanja akanionyesha. "Naomba hilo usiliandike."

Basi Zuhura akawasha redio yake amsikilizishe Mama Josefina sauti yangu. Mama Josefina akasikiliza huku anatafuna, kichwa kimeinama. Tulipofika kwenye yale maneno akaacha kutafuna. Kipimbwe hakijui, lakini alisikia. Maneno mengine nilikuwa nayatema haraka kama maganda ya karanga, na yale tisa nilikuwa nayatamka polepole, nimetengeneza mdomo, kama mwanamke anayepita mbele ya wakwe. Akanitazama. Zuhura alipokwenda kununua betri, akanivuta khanga.

"Mama, hapo kuna baba mkwe."

"Umejuaje?"

"Na kwetu mke hataji. Mama yangu alikufa hajawahi kutaja jina la babu. Huyu mtoto anajua?"

"Alinikataza kueleza."

"Wee mama!" Akacheka mpaka machozi, akanipiga paja. Halafu akaacha ghafla. "Mwambie. Mtoto wa watu huyu."

Nikamwahidi nitamwambia kabla ya Karema. Mbuzi Meneja wakati huo alikuwa amemaliza ukurasa mmoja wa daftari la Zuhura, ule wa Kifipa, na habari hiyo ikameza mazungumzo yote.

Mpanda hadi Karema

Safari hii ilichukua siku mbili na springi moja ilivunjika. Tulikaa katikati ya miombo kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka, Masanja chini ya lori akitukana kwa Kisukuma, Zuhura akimwomba arudie polepole ili aandike.

Wenyeji walituletea mihogo ya kuchemsha na asali. Mwanamke aliyeileta aliitwa Jenoveva, alikuwa na mtoto mgongoni anayeanza kusema. Zuhura akamchukua yule mtoto akatuonyesha jambo. Mtoto alikuwa anasema maneno nusu nusu, lakini kila neno alilianzisha sawasawa, la kitu kimoja kwa mwanzo wake na la vitu vingi kwa wake, hakukosea hata mara moja. "Nani amemfundisha?" akatuuliza. Jenoveva akasema hakuna, nani ana nafasi? Zuhura akatabasamu kama ameshinda kesi. Mimi nikakumbuka jiko la Veronika, nikawaza kwamba kuna maneno mtu huyaokota bila kufundishwa, na kuna mengine mtu mzima hukalishwa chini kuyajifunza upya, na hili la pili Zuhura halijui, na ninayelijua ni mimi niliyekaa naye hapa natafuna muhogo wa asali.

Mama Josefina akanikanyaga mguu mara tatu. Nikasema, "Tukifika."

Karema

Dada yangu Skolastika alitupokea kwa vigelegele na kwa kunisema. Nimezeeka, nimechelewa, khanga nilizomletea ni rangi ya wajane. Shemeji Desideri akatuchomea samaki wa ziwani, migebuka mikubwa kama mkono. Mama Josefina akapanga kwa jirani, akaanza kupima dagaa wake. Zuhura hakupumzika. Kesho yake asubuhi alimkalisha Skolastika mbele ya redio, na jambo la kwanza alilomwambia ni, "Bibi, naomba usinieleze, nitajie neno tu."

Nilikuwa nimekaa pembeni. Dada yangu akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Mnajua kilichotokea. Skolastika ameolewa na Wabende, lakini Kibende na Kipimbwe ni majirani, na majina ya wakwe zake yanagonga maneno yetu vilevile. Akafika kwenye la baba mkwe wake, akaweka neno la badala, bila hata kupepesa jicho. La mama mkwe, vilevile. Maneno manane. Na yale tisa ya kwangu, ukiacha moja nitakalolieleza mbele, kwake hayakuwa na shida, akayasema wazi kama mtoto wa shule, na mimi kila mara nikajikohoza ili nisisikie.

Siku ya tatu Zuhura akaweka orodha mbili mezani.

"Mabibi zangu, maneno kumi na sita hayafanani kabisa! Tena ni maneno ya msingi, yale ambayo hubadilika mwisho kuliko yote. Hizi si namna mbili za Kipimbwe. Mtakuwa mnasema lugha mbili, zilizotengana mamia ya miaka!"

"Mwanangu," nikasema, "tumenyonya ziwa moja."

"Ndiyo maana ni ajabu!"

Akatoka mbio kwenda kumwandikia mwalimu wake. Mimi na Skolastika tukaingia jikoni, tukafunga mlango, tukacheka mpaka ugali ukaungua. Mamia ya miaka! Skolastika akasema amejua siku zote kuwa mimi si mdogo wake, niliokotwa. Tulikuwa tumeshikana mabega tunafuta machozi, Mama Josefina akaingia na ungo wa dagaa, akatutazama.

"Mmemaliza kucheka? Barua ameshampa Masanja aiposti Mpanda. Lori linapakia samaki sasa hivi. Barua ikifika kwa huyo mwalimu, mtoto amekwisha."

Ugali ukaendelea kuungua peke yake. Niliona duka la mjomba wake, nikaona na kile kipimo cha mafuta ya taa.

Nilitoka bila viatu. Miguu yangu mnaijua, haikimbii, lakini siku ile ilikumbuka. Nilipofika ufukweni injini ilikuwa inanguruma. Nikapanda upande wa abiria, nikanyoosha mkono, nikachomoa ufunguo, nikautia kifuani.

"Mchumba, umepatwa na nini?"

"Nipe barua ya Zuhura."

"Barua ya mtu siwezi. Kazi yangu hii."

"Na ufunguo uko hapa. Njoo uuchukue, mtani wangu, watu wote wa Karema wanatazama."

Wapakiaji wakaanza kupiga makofi. Masanja akatazama kifua changu, akatazama watu, akatazama ziwa. Mtani ana ruhusa ya kunyang'anya, lakini si kila mahali. Akafungua kisanduku akatoa bahasha. "Wapimbwe," akasema, "kuku wenu nao wako hivi hivi?"

Nikamrudishia ufunguo. Lakini barua mkononi haikuwa imetengeneza kitu. Nilimkuta Zuhura ukumbini ananoa penseli kwa wembe, anaimba. Nikaiweka mezani. Nikakaa chini, kwenye mkeka, ingawa kiti kilikuwepo.

Nikamweleza yote: Veronika, jiko, maneno tisa, na manane ya dada yangu. Hakunyanyua kidole safari hii. Nilipomaliza, akaweka wembe chini.

"Siku kumi na moja nyumbani kwako, Bibi. Na njia yote."

"Uliniambia nisieleze."

"Nilikwambia ya duka."

Nikasema, "Uliniambia. Nikanyamaza. Nisamehe."

Akafunika uso kwa orodha zake. Nikadhani analia. Alikuwa analia, halafu katikati akaanza kucheka, halafu akalia tena. Skolastika akamletea maji akasema kwa sauti yake ya kuamuru, "Acha hayo. Mimi sijaolewa kwa wakwe wa Apolonia, na yeye hajaolewa kwa wa kwangu. Aliyofungwa yeye mimi nimeshayasema. Niliyofungwa mimi atayasema yeye. Washa redio."

Tukapanga hivyo. Yangu nayo yarudiwe, yanaswe vizuri bila kikohozi changu. Wakati Skolastika anataja ya wakwe zangu, mimi nilitoka nje na sufuria na mwiko, nikapiga na kuimba nyimbo za kanisani kwa nguvu nisisikie hata herufi. Ilipofika zamu yangu, Skolastika akachukua debe. Alipiga debe lile mpaka shemeji Desideri akaja mbio kutoka ziwani na wavu begani, amevua kofia, akauliza nani amekufa. Skolastika hakumsikia. Aliendelea kupiga.

Likabaki moja. Mama mkwe wangu na baba mkwe wake, kila mmoja kwa lugha yake, walikuwa na jina la kitu kimoja. Ndilo neno pekee ambalo sote wawili tulikuwa tumeliruka, na mkiwa hodari wa hesabu mtaona ndiyo maana tisa na nane zilimpa Zuhura kumi na sita. Tukaangaliana. Desideri angeweza kumtaja baba yake, lakini ni Mbende, angetoa la Kibende. Zuhura akatuuliza kwa upole kama tungeweza, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Skolastika akatikisa kichwa. Mimi nilifungua mdomo. Nawaambia kweli, nilitaka. Nilikuwa na deni la dhambi kwa mtoto yule, na mama mkwe wangu yuko kaburini. Ulimi ukakataa. Sauti haikutoka kabisa, kama ndoo iliyoteremshwa kwenye kisima kilichokauka.

Zuhura akaniwekea mkono gotini. "Basi, Bibi." Akazima redio.

Kurudi, hadi stesheni ya Mpanda

Barua ile aliichana vipande vidogo, Meneja akavila. Safari ya kurudi ilikuwa na mvua, pancha mbili na harufu ya dagaa ambayo khanga yangu inayo mpaka leo.

Mpanda Zuhura alitakiwa kupanda treni. Pale stesheni sasa mimi ndiye niliyekuwa namsumbua. "Mjukuu wangu, Wapimbwe wanaume wamejaa hapa. Yule pale anayeuza tumbaku ni Anselmi wa Usevya, jina la mama mkwe wangu si kitu kwake. Muulize, ujaze. Mwalimu wako anataka mia mbili, wewe unampelekea mia na tisini na tisa."

Akamtazama Anselmi muda mrefu. Akatikisa kichwa.

"Hii ni orodha ya wanawake wawili, Bibi. Ikiwa na tundu, tundu ni lao. Nikilijaza kwa mdomo wa Anselmi, nitakuwa kama yule mzee wa soda."

"Na akikufukuza?"

"Nitapima mafuta ya taa."

Alipanda na redio yake. Aliniamkia dirishani, shikamoo, tena ile ya kuinama, treni ikaondoka, na mimi nikarudi Majimoto juu ya magunia ya Masanja, ambaye njia nzima alikuwa anashika mfuko wake wa ufunguo kila ninapokohoa.

Nyumbani

Nilikaa miezi minne sipati usingizi mzuri. Kisha barua ikaja.

Mwalimu wake alisoma maneno yote mbele yake, ameshika kalamu nyekundu. Kwenye lile tundu akasimama. Akauliza, hili nalo, betri ziliisha? Zuhura akamweleza, wakwe, maneno ya badala, sufuria na debe. Anasema mwalimu aliweka kalamu chini. Kisha akasema mama yake, huko kwao Kigoma, alikuwa akiita vitu vitatu au vinne nyumbani kwa majina ya ajabu ambayo hakuna mwingine aliyeyatumia. Yeye alipoanza shule alimcheka. Alikuwa akimsahihisha mbele ya wageni. Mama akawa anatabasamu tu na kuendelea kuita vile vile, mpaka akafa, na yeye mwanawe, mwalimu wa lugha, miaka yote hii alidhani mama yake hakuwa anajua kusema.

Alimrudishia Zuhura karatasi bila alama nyekundu hata moja. Amefaulu. Mwalimu amesema akija tena huku, kanda zitakuwa mara mbili, na bibi aachwe aeleze.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kama kuna pahala nimekosea, siku za njiani, jina la mama wa asali, au ni tairi gani lilipasuka kwanza, nyie mnaoijua njia mniambie, nitafuta niandike upya, sioni haya. Ila asije mwanamume yeyote kunisahihishia lile tundu. Kwanza aende nyumbani, akamuulize mke wake baba mkwe anaitwa nani, aone atajibiwa nini.